Gofu la Kiwanda na Vipimo Vyake: Kila Njia Ina Upofu Wake

Ukikitazama kutoka getini kiwanda kilichofungwa miaka ishirini iliyopita, unaona kutu, magugu na vioo vilivyovunjika. Vinavyostahili kukutia hofu havionekani: metali ya risasi iliyotulia kwenye sentimita chache za juu za udongo, kiyeyushi cha kusafishia grisi kilichozama hadi kwenye maji ya ardhini, nyuzi za asbesto ndani ya kitambaa kilichofungwa kwenye bomba la mvuke. Anayetaka kununua eneo hilo, kulirithi au kujenga juu yake huuliza mapema sana: kipimo gani ni bora? Mimi huanza na swali jingine. Kipimo hiki hakioni nini?

Ripoti inayosema eneo ni chafu huwa hainisumbui sana, kwa sababu mtu anajua pa kuanzia. Inayonikosesha usingizi ni ile inayosema "hakuna kilichopatikana" bila kueleza kilichotafutwa, wapi, na kwa kifaa gani. Ndiyo maana njia ninazozilinganisha hapa nimezipima zaidi kwa upofu wake kuliko kwa sifa zake.

Makaratasi kwanza, au koleo kwanza?

Hapa ndipo watu wenye haraka wanapokosea, na kosa lenyewe hufanana na ujasiri: "Twende tukachimbe, udongo haudanganyi." Kweli haudanganyi, ila hujibu ulichouliza tu. Maabara haina kipimo kinachoitwa "sumu". Inapima orodha uliyoiandika kwenye fomu. Ukiagiza metali, hutaletewa habari za viyeyushi hata kama sampuli inanuka.

Orodha hiyo hutoka kwenye historia ya kiwanda. Palipotengenezwa ngozi tafuta kromiamu. Pa betri, risasi na asidi. Penye mabwawa ya kuchovya vyuma ili ving'ae, tafuta nikeli, sianidi na ile kromiamu kali ya aina ya sita. Nguzo za mbao zilitibiwa kwa kriosoti, au kwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Karakana iliyosafisha vipuri kwa miaka mingi karibu lazima iwe ilitumia kiyeyushi chenye klorini. Kama kiwanda kilibadili kazi mara tatu, una orodha tatu, na ile ya zamani kuliko zote ndiyo husahaulika.

Marekani, kiwango cha ASTM E1527-21 kinachotumika katika hatua ya kwanza ya ukaguzi wa aina hii hakidai sampuli hata moja. Kinadai kumbukumbu, ziara ya eneo, na mahojiano na wanaolijua. Wengine huona hatua hiyo ni urasimu tu, lakini kisa cha Love Canal, jimboni New York, kinawajibu. Kati ya 1942 na 1953 kampuni ya Hooker Chemical ilifukia huko takriban tani 20,000 za kemikali katika mfereji ambao haukukamilika kuchimbwa. Mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule eneo hilo kwa dola 1, na hati ya mauzo yenyewe ilitaja kwamba chini pana taka za kemikali. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata, na mwaka 1978 serikali ikatangaza hali ya dharura. Onyo lilikuwa kwenye karatasi kwa robo karne.

Mbali na hati, tafuta picha za angani. Picha za setilaiti za kijasusi za CORONA zilipigwa kati ya 1960 na 1972 na zikafunguliwa kwa umma mwaka 1995. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga tangu 1972, ingawa picha zake za awali ni za ukungu na hazionyeshi pipa wala tangi. Unachotafuta ni mabadiliko: dimbwi lililopo katika picha moja na kutoweka katika inayofuata, uwanja wenye rangi tofauti, njia ya magari inayoishia porini bila sababu. Dimbwi halitoweki lenyewe, mtu alilifukia.

Kisha watafute waliofanya kazi pale. Usianze na meneja. Anza na aliyekuwa akilisha tanuru, mlinzi wa usiku, dereva wa trekta. Usimuulize kama kulikuwa na uchafuzi, maana neno hilo linamfanya mtu ajitetee. Muulize taka zilikwenda wapi siku ambayo gari la taka halikuja. Jibu la swali hilo limewahi kunibadilishia ramani nzima ya mahali pa kuchimba.

Upofu wa makaratasi nao ni mkubwa. Hayajui bomba lililovuja chini ya sakafu, hayajui kilichomwagwa usiku, na hayakupi namba. Hata hivyo, kama uwezo wako unatosha hatua moja tu, chagua historia pamoja na siku nzima ya kutembea eneo zima kwa miguu. Ninakubali kuiruka katika hali moja: watu wakiwa tayari wanaishi au watoto wanacheza juu ya udongo huo. Kabwe, Zambia, ambako risasi ilichimbwa na kuyeyushwa kwa takriban miaka tisini hadi 1994, hakuna haja ya kusubiri kumbukumbu zipangwe. Hapo unachukua udongo wa juu leo, na watoto wanapimwa damu.

Tahadhari kabla hujavuka geti. Usishuke kwenye shimo, tangi au chumba cha chini kwa kuwa tu hakuna harufu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na ikishuka chini ya 19.5 hapafai kuingia bila vifaa vya kupumulia. Gesi ya salfidi hidrojeni, ile ya mayai yaliyooza, ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, kwa hiyo aliye hatarini zaidi ndiye anayedhani harufu imekwisha.

Kuchimba palipokusudiwa, kwa gridi, au kwa kuchanganya

Tuseme sasa unajua unachotafuta. Mashimo uyapange vipi?

Njia ya kukusudia hufuata dalili: chini ya transfoma, mlangoni pa ghala la kemikali, kwenye doa lisiloota majani. Sampuli ni chache na uwezekano wa kupata kitu ni mkubwa. Lakini huwezi kutumia matokeo yake kusema chochote kuhusu sehemu ambazo hukuzishuku. Wala huwezi kupata wastani wa eneo, kwa sababu ulikwenda makusudi mahali pabaya.

Gridi haimpendelei mtu. Unagawa eneo kwa miraba na kuchukua sampuli kila baada ya umbali uleule. Ni ya haki, na inaonekana vizuri sana kwenye ripoti. Ila hesabu yake watu hawaisomi. Gridi ya mita 20, yaani sampuli 25 kwa hekta, ina uhakika wa asilimia 95 wa kugusa doa la duara lenye kipenyo cha takriban mita 24. Doa la kipenyo cha mita 10, ambalo linatosha kabisa kuwa shimo la kumwagia mafuta machafu, gridi hiyo italigusa mara moja tu katika majaribio matano. Kulipata doa hilo kwa uhakika uleule wa asilimia 95 unahitaji kushusha gridi hadi mita 8.5, sawa na sampuli karibu 140 kwa hekta. Kwa hiyo mshauri akikuletea ramani nzuri yenye nukta 25, muulize doa la ukubwa gani lingeweza kupita katikati ya nukta hizo. Akikosa jibu, gridi ile ni mapambo.

Njia ya tatu ni kuchanganya: unachukua vijiko vingi vya udongo, unavikoroga kuwa sampuli moja, unalipia kipimo kimoja. Inavutia kwa gharama, na hapo hapo ndipo mtego ulipo. Chukua mfano wa sehemu kumi, tisa zikiwa na risasi miligramu 20 kwa kilo na moja ikiwa na 2,000. Mchanganyiko utakupa 218. Kwa mpaka wa 400 ambao Marekani iliutumia kwa miaka mingi katika makazi, eneo limefaulu, na ile sehemu yenye 2,000 hakuna anayejua kuwa ipo. Mwaka 2024 shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, liliushusha mpaka huo hadi 200. Udongo uleule, ndoo ileile, sasa umefeli.

Hata hivyo simdharau anayechanganya. Kuna namna yake ya nidhamu: vijiko 30 hadi 100 kutoka eneo moja lililowekewa mipaka mapema, zoezi zima likarudiwa mara tatu ili kuona kama majibu yanakaribiana. Kama swali ni "mtoto anayezurura uwanja huu wote atakutana na risasi kiasi gani kwa wastani?", njia hiyo inajibu vizuri kuliko mashimo kumi ya kubahatisha. Kama swali ni "chanzo kiko wapi?", inakuficha chanzo hicho. Na kwa kemikali zinazoruka hewani, kama benzini, sahau kukoroga ndoo, maana unachotaka kukipima kitakuwa kimeondoka kabla hujafunga mfuniko.

Mimi hutumia kwa pamoja njia mbili za kwanza: mashimo ya kukusudia penye dalili, na gridi pana mahali penye kimya, nikiandika wazi kwenye ripoti doa la ukubwa gani gridi hiyo isingeliona.

Kifaa cha mkononi dhidi ya maabara

Kifaa cha mkononi cha eksirei, ambacho wapimaji hukiita XRF, kimebadilisha kazi hii. Unakielekeza kwenye udongo, unasubiri kati ya nusu dakika na dakika mbili, na risasi, zinki, shaba na aseniki zinasomeka kwenye skrini. Siku moja inakupa vipimo ambavyo maabara ingevileta baada ya wiki kadhaa. Nimeona watu wakikiamini kama mganga.

| | XRF ya mkononi | Maabara |
|---|---|---|
| Inachopima | metali kadhaa kwa pamoja | chochote ulichoagiza, na hicho tu |
| Jibu | hapo hapo | siku au wiki |
| Isichoona | mafuta, viyeyushi, viuatilifu, asbesto | mahali ambapo hukuchukua sampuli |
| Inachokichanganya | aseniki na risasi zikiwa pamoja | sampuli zilizokaa au kupata joto |
| Inafaa zaidi | kusaka madoa, kuchora mipaka | kuthibitisha, kupeleka mbele ya sheria |

Safu ya aseniki inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo iliyonasa wengi. Kila metali hung'aa kwa nishati yake. Mng'ao mkuu wa aseniki uko kwenye elektroni-volti elfu 10.54, na mmoja wa risasi uko kwenye 10.55. Ni kama watu wawili wenye sauti moja wakiongea kwa pamoja. Risasi ikizidi aseniki mara kumi au zaidi, namba ya aseniki kwenye skrini usiitegemee. Sasa fikiria eneo la kuyeyushia betri au kiwanda cha zamani cha rangi, ambako risasi ni nyingi mno. Huko ndiko utakakosoma aseniki isiyo kweli, au kuikosa iliyopo.

Kingine ni kromiamu. Kifaa husoma jumla yake. Aina ya tatu, ambayo ndiyo hutumika kutengeneza ngozi, hatari yake ni ndogo sana ikilinganishwa na aina ya sita, ambayo husababisha saratani. Kwenye skrini zote ni kromiamu tu. Uamuzi wa kuondoa udongo wote au kuuacha unaweza kutegemea tofauti hiyo, na anayeweza kuitenganisha ni maabara.

Tena, eksirei hiyo huingia milimita chache tu. Udongo wenye maji zaidi ya asilimia 20 hupotosha usomaji. Ukiutaka ukweli, kausha sampuli, ichekeche, isome ikiwa ndani ya kikombe. Kwa risasi, chekecha hadi chembe zilizo chini ya mikromita 150, kwa kuwa vumbi hilo ndilo linalonata kwenye viganja vya watoto na kuishia mdomoni. Mtu anayepita na kifaa juu ya majani mabichi baada ya mvua anakusanya namba, hakusanyi habari.

Maabara nayo isipewe utukufu usio wake. Sampuli ya viyeyushi ina siku 14 tangu ichukuliwe hadi ipimwe, ikiwa imetiwa kihifadhi na kuwekwa kwenye baridi ya karibu nyuzi 4. Kromiamu ya aina ya sita kwenye maji yasiyotiwa kihifadhi ina saa 24 tu. Chupa iliyoshinda kwenye buti ya gari juani italeta jibu zuri lililochapwa kwenye karatasi nzuri, na jibu hilo litakuwa hewa. Tazama tarehe ya kuchukuliwa, tarehe ya kupokelewa, na joto la boksi lilipofika. Ripoti isiyo na vitu hivyo vitatu irudishe.

Ukiniuliza uchague kipi, kwa eneo lenye historia ya metali chukua XRF kwa wingi, kisha peleka maabara angalau sampuli 1 katika kila 20, zikiwemo za namba ndogo, za kati na kubwa. Wengi hupeleka zile chafu peke yake, na hivyo hawajui kama kifaa kinasema kweli kwenye mpaka wa kufaulu na kufeli, ambako ndiko uamuzi ulipo. Kwa eneo lenye historia ya mafuta na viyeyushi, XRF ibaki nyumbani.

Kinachoruka na kinachozama

Kwa mivuke kuna kifaa kingine cha mkononi, kinachoitwa PID, chenye taa ya urujuanimno. Taa ya kawaida ni ya elektroni-volti 10.6. Benzini inahitaji 9.24 ili ionekane, hivyo inaonekana. Methani inahitaji 12.6, hivyo kifaa kitasoma sifuri hata ukiwa juu ya taka zinazooza na kutoa gesi inayoweza kulipuka. Tetrakloridi ya kaboni nayo hupita bila kuguswa. Na hata kinapopiga kelele, hakikuambii ni kemikali gani. Kitumie kuchagua kipande cha udongo kipi kiende maabara. Zaidi ya hapo unakionea.

Hewa iliyomo udongoni ichukuliwe kwa mirija pale unapokusudia kujenga au kutumia jengo lililopo, kwa kuwa mvuke wa viyeyushi hupanda na kuingia kupitia nyufa za sakafu. Kupima udongo peke yake hukosa jambo hili mara nyingi.

Visima vya uchunguzi ni vya polepole na ghali, na hapa uzito wa kemikali ndio mwalimu. Petroli huelea juu ya maji. Trikloroethilini ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya maji, hivyo huzama hadi ikutane na tabaka lisilopenyeka. Kisima ambacho chujio lake liko chini ya uso wa maji hukosa petroli, na kisichofika chini hukosa kiyeyushi. Visima viwili havikuambii maji yanaelekea wapi, unahitaji angalau vitatu visivyo kwenye mstari mmoja. Na msimu mmoja hautoshi, kwa sababu maji hupanda na kushuka, na pamoja nayo uchafu.

Jengo lenyewe

Nitapita haraka hapa, ingawa kwa mafundi wa kubomoa hatari ya kwanza iko huku. Asbesto haitambuliwi kwa macho wala kwa XRF. Hutambuliwa chini ya darubini. Hapa hakuna cha kulinganisha: kipande kilowanishwe, kikatwe na aliyefunzwa, kiende maabara, au paa zima lihesabiwe kuwa ni asbesto. Transfoma na kapasita za zamani zichukuliwe kuwa zina mafuta ya PCB, kemikali za sumu zenye klorini, hadi ithibitike vinginevyo. Vifaa vya kupima mafuta hayo papo hapo hutafuta klorini, hivyo hutisha bure wakati mwingine lakini hukosa mara chache, na kwa uchujaji wa awali huo ni upungufu ninaoupenda. Zinazosoma juu ya sehemu 50 kwa milioni zipelekwe kuthibitishwa. Kwa rangi ya risasi ukutani, XRF inarudi na inafanya kazi safi.

Ukiletewa ripoti ya mtu mwingine

Mara nyingi huchagui njia, unaletewa ripoti iliyokwisha kufanywa na muuzaji anayetabasamu. Fungua kwanza jedwali la maabara, uache muhtasari. Tafuta alama ya "chini ya", ile <. Alama hiyo ina maana kwamba kifaa hakikuweza kuona chini ya namba iliyo mbele yake. Kisha linganisha namba hiyo na mpaka unaokuhusu, na uangalie ni mpaka wa matumizi gani, kwa kuwa udongo unaoruhusiwa chini ya ghala huenda usiruhusiwe chini ya shule. Ikiwa mpaka ni 1 na jedwali linasema <5 safu nzima kwenda chini, hakuna sampuli hata moja kati ya hizo iliyofaulu. Hazijapimwa bado.